Kibakuli cha Rozina

Jumapili ya Lazaro, wiki mbili kabla ya Pasaka ya mwaka sabini na tano, Mwalimu Leonardi alimsema mkewe kanisani bila kumtaja jina.

Hakukusudia ubaya. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka vilimani, juu ya Msanzi, hata mwaka haujatimia, na kanisa la kigango lilikuwa bado nguzo za miti na paa la nyasi. Padre alifika mara moja kwa mwezi, barabara ikimruhusu. Jumapili nyingine zote aliongoza Leonardi, katekista, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na mitano mwenye sauti ya kutulia. Alisoma Injili, kisha akahubiri, na watu walimpenda kwa sababu ya mifano yake.

Mifano aliitafuta. Alikuwa na daftari la shule alilolibeba mfukoni mwa koti, na humo aliandika aliyoyaona: mbuzi aliyenasa matopeni na watu waliomvuta, mzee aliyerudisha jembe la jirani baada ya miaka saba. Kwaresima ikifika alilifungua na kuchagua. Pasaka peke yake haikuhitaji daftari, kwa kuwa kila Pasaka alihubiri habari za tuta. Wafipa hufyeka majani, huyalundika, huyafunika kwa udongo mpaka yawe tuta la mviringo kama kichwa cha mtu. Majani huoza humo ndani, na mwaka wa pili tuta husambazwa, ulezi ukasimama juu yake. Kilichozikwa kimefufuka. Alihubiri hivyo miaka kumi na miwili, hadi Alois, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, alipomwambia, "Mwalimu, tuta tumelielewa. Mwakani tutafutie jingine."

Tangu siku hiyo Leonardi alitafuta kama mtu aliyepoteza sindano.

Jumapili ile alisoma habari za Martha na Maria na kaka yao aliyelala kaburini siku nne. Kisha akafunga kitabu.

"Hata hapa kijijini yuko mama mmoja," alisema. "Mtoto wake alikufa wakati wa kuhama. Lakini mpaka leo, kila jioni, mama huyo anaosha kibakuli cha mtoto wake na kukianika kichanjani pamoja na vyombo vingine, kama anayemngoja arudi kula. Martha naye alilia. Lakini aliambiwa, ndugu yako atafufuka. Mama huyo angelishika neno hilo, mkono wake ungepumzika."

Alidhani amemficha vizuri. Watoto watatu walikufa kwa surua wakati wa kuhama, na mama anayesemwa angeweza kuwa yeyote kati ya watatu. Jambo alilolisahau, kila mwanamke mle ndani alilijua: wawili kati ya watoto wale walikuwa wachanga wa kunyonya. Hawakuwa na vibakuli.

Vichwa viligeuka taratibu kuelekea gogo la tatu, upande wa wanawake. Bertilla alikuwa amekaa pale, mikono mapajani, akimtazama mumewe kama anayemtazama mtu aliyeingia nyumbani kwake bila kubisha hodi.

&nbsp;

Asubuhi yake alikwenda kijitoni kuosha vyombo. Walikuwepo wanawake sita. Maongezi yalikatika, kisha yakaanza tena kwa sauti nyingine.

"Mama Clemens, umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Ninyi je?"

"Sisi wazima." Aliyejibu alikuwa mke wa Alois, Mama Sebastiani, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Alisogeza ndoo yake, akaisogeza mbali kidogo kuliko ilivyohitajika. "Leo umekuja na vyombo vyote?"

"Nimekuja na vya kuoshwa."

"Vyote vya walio hapa duniani?"

Mmoja alicheka, akaficha mdomo kwa kanga. Bertilla aliweka beseni chini.

"Mama Sebastiani, kama una neno, liseme wazi."

"Mimi niseme nini? Amesema Mwalimu. Tena kwenye Injili."

Katika kijiji kile wanawake walishika jambo moja kwa nguvu. Siku ya kumaliza msiba, vyombo vya marehemu hutolewa vyote nje na kugawiwa. Cha mtoto hupewa mtoto wa rika lake, kitumike, kichakae kwa kazi. Kikibaki kwao, basi msiba haujaisha, na mgeni hali katika nyumba ambayo msiba haujaisha. Hasa mwenye mimba. Hasa mwenye mtoto mdogo.

Na shida ilikuwa hii: vibakuli vya kijiji kizima vilifanana. Vilikuja mwaka mmoja, katika lori la Halfani, mwenye duka wa Sumbawanga mjini: bati jeupe, ukingo wa bluu. Bertilla alikuwa navyo vinane. Yeye alikijua cha Rozina, mwanawe aliyekufa, kwa jeraha dogo chini ya kitako. Wengine hawakujua ni kipi.

Mjamzito mmoja aliyekuwa amekaa juu ya jiwe alisema polepole, bila kejeli, "Mama Clemens, mimi mwezi uliopita nilikunywa togwa kwako. Nilinywea kipi?"

Swali hilo lilimuumiza Bertilla kuliko kicheko.

"Hukunywea hicho," alisema. "Hicho hajakinywea mtu."

Lakini aliona kwamba yule msichana hakuamini.

&nbsp;

Jumatatu ya Juma Takatifu ilikuwa siku ya ujima wa Leonardi na Bertilla, majirani waje kuwalimia na kula kwao. Jumanne, Jumatano na Alhamisi zilikuwa za shamba la kijiji, na balozi wa nyumba kumi alizihesabu kama sala. Kwa shamba la mtu mwenyewe zilibaki siku chache, na mvua ilikuwa inakaribia kukatika. Majani yakifunikwa udongo ukiwa na maji, yanaoza. Ukishakauka, unalima mawe. Leonardi na Bertilla walikuwa na kipande cha majani marefu kando ya mteremko, na pasipo tuta mwaka huu, mwakani hapakuwa na ulezi wa kula wala wa kusaidia karo ya Clemens, mtoto wao aliyekuwa anasoma mjini. Watu wawili wasingeweza kukimaliza. Watu ishirini wangekimaliza kwa siku moja.

Walialikwa ishirini na wawili. Bertilla alipika maharage na ugali wa ulezi, akatengeneza togwa vyungu viwili, kwa kuwa kigango kilikubaliana pombe isinywewe Kwaresima. Wiki mbili kabla, majirani watatu walimwahidi kumwazima vibakuli zaidi. Jumapili jioni wote watatu walituma neno: vimeshaazimwa kwingine.

Jua lilipanda. Walikuja wanaume watatu, majembe begani. Walilima hadi saa sita bila maneno mengi. Bertilla alipotua chungu kivulini, wa kwanza alisema ana mgonjwa nyumbani. Wa pili alisema amefunga.

"Umefunga?" Leonardi aliuliza. "Jumatatu?"

"Nimejiongezea, Mwalimu. Si ni Kwaresima?"

Wa tatu alichota maji kijitoni kwa kiganja, akanywa, akaondoka bila kusema kitu. Huyo ndiye aliyekuwa mkweli.

Leonardi alisimama katikati ya matuta kumi na moja mabichi, na majani yote yale yakiwa bado yamesimama. Hakuelewa. Alidhani ni uvivu. Ndipo akatokea Isakwisa, bwana shamba, kijana wa Rungwe aliyeletwa na serikali kuwafundisha Wafipa kulima, na ambaye bado alikuwa anajifunza kwao. Alikuja kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Kwetu tungekwatua haya yote kwa siku mbili, tukaweka matuta marefu yaliyonyooka," alisema Isakwisa akiyatazama. "Ninyi mnajenga vichuguu."

"Vichuguu hivi vimewalisha babu zetu," Leonardi alijibu bila furaha.

"Ndiyo maana nimekuja kuvisaidia. Lakini kwanza naona chungu."

Bertilla alichota maharage. Mkono wake ulisita juu ya bakuli.

"Bwana shamba, hujasikia habari za nyumba yetu?"

"Nimesikia. Pale njiani nimesimamishwa mara mbili ili nisikie vizuri." Akapokea kibakuli, akakigeuza. "Ndicho hiki?"

"Sicho."

"Hata kingekuwa chenyewe ningekula. Nimetoka Msanzi tangu alfajiri."

Alikula, akaongezewa. Leonardi alikuwa anamtazama mkewe, na uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mgumu.

"Habari gani za nyumba yetu?" aliuliza.

"Za Lazaro," Bertilla alisema. Akafunika chungu.

&nbsp;

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mti wa kanisa, waliketi uani na chakula cha watu ishirini ambacho hakikuliwa.

"Nitalirekebisha," Leonardi alisema. "Ijumaa Kuu nitawaambia ni dhambi kumtenga mtu kwa ajili ya bakuli. Nitawaeleza kwamba mama yule..."

"Usiniseme tena."

"Bertilla, nataka kukusaidia."

"Ulitaka kunisaidia na Jumapili ile. Umesaidia mpaka watu wanakunywa maji ya kijitoni." Hakupandisha sauti. "Baba Clemens, nikuulize. Kibakuli kile kilibaki vipi hapa?"

Leonardi alitazama mlango wa nyumba.

"Siku ya kumaliza msiba shangazi alipanga vitu vya mtoto kwenye kapu, ndani. Gauni. Mkeka. Kibakuli. Akakwambia wewe ulitoe kapu uani. Ulipolitoa, lilikuwa na gauni na mkeka. Shangazi akadhani amehesabu vibaya kwa sababu ya kulia. Baada ya wiki mbili nilikuwa natafuta mshumaa kwenye sanduku lako la vitabu. Nilikikuta chini ya daftari la ubatizo."

"Nilijua umekikuta," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikiona kichanjani."

"Ulikiona, ukanyamaza. Nikanyamaza na mimi. Nilisema, basi tumekubaliana. Kumbe ulikuwa unaandika." Alinyanyuka, akaanza kukusanya vibakuli. "Ukitaka kunisema tena, sema na yako. Kama huwezi, waache waniseme wao."

&nbsp;

Basi Leonardi akabaki na siku tano, na Pasaka bila mfano.

Jumanne, kwenye shamba la kijiji, aliwakaribia wanaume waliokuwa wanapumzika. Walikuwa wanacheka sana, na katikati ya kicheko alisikia habari ya mtu aliyelala na kufuli shingoni. Alipofika wakanyamaza.

"Endeleeni, jamani. Ilikuwaje?"

"Hakuna kitu, Mwalimu. Tulikuwa tunasema mvua."

"Mvua na kufuli?"

"Mvua ya kawaida," alisema mwingine, na wote wakatazama majembe yao.

Jumatano alipita kwa mhunzi, mzee Sebastiani, babu wa yule mtoto wa Alois aliyerithi jina lake. Hapo zamani kibanda chake kilimpa mifano mitatu kwa mwaka. Mzee aliendelea kugonga chuma hata salamu zikawa za kupigiana kelele, na Leonardi alipotoa daftari ili aandike tu idadi ya majembe ya kanisa, mzee aliweka nyundo chini.

"Mwanangu, hilo lirudishe mfukoni. Mimi nina mke na wakwe."

Alhamisi lori la Halfani lilikwama kwenye matope chini ya kijiji, likitoka Kirando na dagaa. Watu walilisukuma. Leonardi naye alisukuma, akapakwa tope hadi kifuani. Lilipotoka, Halfani mwenyewe alishuka kumpa mkono. Alikuwa mtu wa kucheka.

"Mzee Halfani, safari ndefu hii. Huwezi kukosa kisa cha njiani."

"Ninavyo vingi." Halfani akamwangalia kwa jicho moja. "Lakini nimeambiwa nikuogope. Mimi Mwislamu, Mwalimu, hata mimi unataka kuniweka kwenye Pasaka?"

Watu wote walicheka, na Leonardi alicheka nao kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Alirudi nyumbani na tope lake. Miaka kumi na miwili alikuwa akichuma katika nyumba za watu kama mtu anayechuma mboga za porini, akidhani hazina mwenyewe.

&nbsp;

Jioni ile ile Alois alikuja. Alikaa juu ya kigoda, akasifu hali ya hewa, akasifu lori, kisha akaingia alikokusudia.

"Mwalimu, sisi wanaume hatuna neno. Ni wanawake. Na mwanamke akishakataa chungu, mumewe ataendaje kula?"

"Naelewa."

"Padre anakuja Jumatatu ya Pasaka. Akikuta kigango kimegawanyika kwa ajili ya bakuli, atakayeulizwa ni mimi. Wapo kwenye halmashauri wanaosema tumwombe mwalimu mwingine. Mimi nimewatuliza." Akaegemea mbele. "Jambo lenyewe ni jepesi. Jumapili ukisimama, sema mama yule amesikia neno, amekitupa kibakuli mtoni. Basi. Jumatatu ujima wako unajaa."

"Hajakitupa."

"Nani atashuka mtoni kukitafuta?"

Leonardi alitazama upande wa shamba. Alikuwa anaona majani yaliyosimama, udongo unaokauka. Sentensi moja tu. Alishasema maelfu.

"Nitafikiri," alisema.

Alois alipokwenda, Bertilla alitokea jikoni na unga mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Utasema hivyo?"

"Wewe unasemaje?"

"Naogopa njaa kama wewe. Nimehesabu matuta, ni kumi na moja. Mwakani tutakula nini na matuta kumi na moja?" Alifuta mikono kwenye kanga. "Lakini siwezi kuwa mtu aliyemtupa mwanawe mtoni ili wageni wale. Hilo hapana. Bora nife na wewe hapa tukilima wawili."

Kisha akarudi jikoni. Ndipo Leonardi alipoona, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kwamba pembeni ya mafiga palikuwa na chungu kikubwa kimefunikwa. Alikaribia, akasikia povu likitokota bila moto. Ilikuwa pombe ya ulezi, ya kunywewa Pasaka, ya watu wengi.

"Unapika pombe, na hujui kama watakuja?"

"Kimea kilikuwa tayari," Bertilla alisema. "Kimea hakimngoji mtu."

&nbsp;

Jumamosi Kuu asubuhi Leonardi alimkuta mkewe akichuja pombe. Alichuchumaa upande wa pili wa chungu.

"Nakuomba ruhusa," alisema. "Nataka kujisema mimi. Lakini nikijisema mimi siwezi kukwepa kukugusa wewe."

Bertilla alikamua kifumbu kwa mikono yote miwili. "Utasema nini?"

Akamwambia, neno kwa neno, jinsi alivyopanga kusema. Palikuwa na jambo moja mle ambalo Bertilla hakulijua. Alipolisikia aliacha kukamua. Povu lilimtiririka hadi viwikoni.

"Ndivyo ilivyokuwa?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

Bertilla alirudi kwenye kifumbu. Kisha akasema, "Sema. Lakini usiongeze kitu. Wewe huwa unaongeza."

&nbsp;

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa hadi nje. Waliokuja kwa ajili ya Pasaka walichanganyika na waliokuja kusikia kama kibakuli kimetupwa. Alois alikaa mbele, mikono juu ya magoti, ametulia. Isakwisa, ambaye alikuwa Mmoraviani, alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

Leonardi alisoma jinsi wanawake walivyokwenda kaburini alfajiri na manukato. Alifunga kitabu. Hakutoa daftari.

"Mwaka huu niliombwa nisiwape tuta," alisema, na wachache wakatabasamu. "Nikatafuta jingine, nikawapa habari ya kibakuli. Ile habari niliisema nusu. Leo naileta nusu iliyobaki.

"Mama yule ni mke wangu. Mlijua. Msichojua ni kwamba si yeye aliyekizuia kibakuli. Siku ya kumaliza msiba nilipewa kapu nilitoe nje. Kibakuli kilikuwemo. Nilikitoa mimi, nikakificha kwenye sanduku la vitabu vya kanisa, nikatoka mbele yenu na kapu, nikaongoza sala."

Alois alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeomba mwenziwe anyamaze. Lakini upande wa wazee mhunzi Sebastiani, aliyekuwa haogopi kanisa wala mtu, aliuliza kwa sauti, "Kwa nini ulikificha?"

"Kwa sababu kilikuwa hakijaoshwa," Leonardi alisema.

Alisogeza kitabu kando.

"Rozina alikula uji asubuhi ya siku aliyofariki, kidogo. Ukingoni mwa kibakuli uji ulikuwa umekauka, na vidole vyake vilikuwa vimepita humo. Msiba ulikuwa mkubwa, hakuna aliyekumbuka kukiosha. Sikuweza kuwapa watu kikiwa kichafu. Na kukiosha sikuweza. Nimezika watu wa kigango hiki, nimewafundisha habari za ufufuko, na kuosha kibakuli kimoja nilishindwa. Nikakificha. Mke wangu alikikuta, naye akakiosha. Alifanya kazi niliyoikimbia.

"Nilisimama hapa nikamwambia mkono wake upumzike. Mkono uliokuwa umelegea ni wangu. Leo tumesoma: walioamka alfajiri kwenda kaburini kuushughulikia mwili ni wanawake. Wanaume walikuwa wamejifungia ndani. Na habari njema walipewa wale waliokwenda kufanya kazi. Mimi sina mfano mwingine. Nimemaliza."

Hakuongeza kitu.

Alishuka, akaongoza wimbo, lakini wimbo haukupanda vizuri kwa sababu sehemu kubwa ya wanawake walikuwa wanajifuta macho. Nje, baada ya ibada, Alois alimpita bila kumpa mkono. Alisimama hatua chache mbele, akarudi, akampa.

"Ungeweza kuifanya kazi yangu iwe nyepesi," alisema.

"Najua."

"Halmashauri nitaieleza nini?"

"Waeleze ulichosikia."

Alois alitikisa kichwa, akaenda zake.

&nbsp;

Jumatatu hakuna aliyealikwa. Bertilla alipeleka pombe shambani hata hivyo, vyungu vitatu, akaweka vibakuli vyote vinane juu ya majani ya mgomba, vikawaka juani. Alianza kulima na mumewe. Matuta yalikuwa kumi na tatu wakati mhunzi alipofika na jembe jipya ambalo hakuna aliyelilipia. Nyuma yake Isakwisa na mkewe. Kisha wale watatu wa Jumatatu iliyopita, pamoja, kama waliopeana miadi.

"Yule mgonjwa wako amepona?" Leonardi alimuuliza wa kwanza.

"Amepona jana, Mwalimu. Wakati wa mahubiri."

Kabla ya saa nne walikuwa thelathini, na kelele za majembe zilifika barabarani. Padre alipowasili na pikipiki yake alikuta kigango chote shambani, akavua kanzu, akaomba jembe. Alilima matuta mawili mabaya sana, watu wakayarekebisha nyuma yake bila kumwambia.

Mama Sebastiani alikuja mwisho, pamoja na binti yake Mektilda, wa miaka saba, aliyekuwa akicheza na Rozina tangu wote wawili wanatambaa. Aliweka chini kikapu cha mbegu za maharage. Kwenye tuta bichi hupandwa maharage, na mtoto ndiye apandaye, kwa kuwa hana haja ya kuinama sana. Mama Sebastiani alitazama vile vibakuli vinane. Hakuna aliyekuwa ameshika hata kimoja bado. Watu walikuwa wanalima kwa bidii ya watu wasiotaka kuwa wa kwanza.

"Mama Clemens," alisema, "mtoto hana cha kubebea mbegu."

Bertilla aliweka jembe chini. Alikwenda kwenye vile vibakuli, akavigeuza kimoja kimoja, akachukua cha tano. Alipitisha kidole kwenye jeraha la kitako. Kisha akakijaza maharage, akakisogeza kwa mtoto.

Mektilda alimtazama mama yake. Mstari mzima wa majembe ulikuwa umesimama.

"Pokea kwa mikono miwili," Mama Sebastiani alisema kwa ukali, na ukali wenyewe ulikatika katikati.

Mtoto akapokea. Akaanza tuta la kwanza, mbegu tatu, akafukia kwa kisigino, akaenda la pili. Bertilla alimfuata kwa macho hadi tuta la sita, halafu akarudi kwenye chungu, akachota pombe katika kibakuli kilichokuwa karibu, akampa Mama Sebastiani. Yule alikunywa chote bila kupumua, akafuta mdomo, akasema pombe ina kimea kizuri.

Jioni vilioshwa vibakuli saba. Matuta yalikuwa mia na ishirini na nne. Leonardi alikaa uani, akatoa daftari, akalifungua ukurasa mpya. Alihisi anatazamwa, akainua macho.

"Hapana," Bertilla alisema.

Akalifunga.

Jumapili iliyofuata alihubiri habari za tuta. Hakuna aliyelalamika.